Mkwe Hataniwi

Mzee Ndahani alitangaziwa kifo chake siku ya Jumatano, saa mbili na nusu asubuhi, akiwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe kwenye Stesheni ya Kikuyu, Dodoma, mdomoni ana karanga.

"Poleni kwa msiba," geti lilisema kwa ile sauti yake ya kike yenye adabu. "Kadi hii ni ya marehemu Ndahani Lechipya. Tafadhali irudisheni kwa mtumishi wa stesheni."

Foleni nzima iliangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote alikuwa mtumishi mwenyewe wa stesheni, Kalunde binti Mihayo, Mnyamwezi wa Tabora, mwanamke wa miaka hamsini na minne aliyejaa sare yake mpaka vifungo vinalalamika. Kabla ya treni hizi kuja, alikuwa konda wa mabasi ya mikoani kwa miaka kumi na tisa, na hakuna tusi ambalo halikuwahi kupita sikioni mwake au mdomoni mwake. Alishika nguzo asije akaanguka.

"Mgogo!" alisema, akifuta machozi. "Mimi nilijua tu. Mtu mzima anakula mlenda asubuhi, mlenda mchana, mlenda jioni, halafu anategemea kuishi? Hata mashine imeona."

"Cheka, mbeba mizigo, cheka," Ndahani alijibu huku akitafuna. "Nikifa wewe ndiye utakayebeba jeneza. Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, wewe utashindwa na kilo arobaini na tisa za Mgogo?"

Watani hao. Mgogo na Mnyamwezi wamekuwa hivyo tangu enzi za misafara. Mtani wako anaweza kukuita mwizi mbele ya watoto wako, akachukua jogoo wako bandani na kuondoka naye akipiga mluzi, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukifa, yeye ndiye anayeruka ndani ya kaburi lako, akajilaza chali, akaapa hatoki mpaka alipwe. Waliofiwa wanacheka wakiwa na machozi mashavuni, wanamtupia vijisenti, anatoka, kazi inaendelea. Ndivyo watu walivyoamua zamani kwamba kifo kisipewe heshima yote kinayoidai.

Kwa miezi minane, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, Ndahani alikuwa anapita hapo Kikuyu akienda kusafishwa damu, maana figo zake zote mbili zilishagoma. Kila mara alilipa kwa sarafu kwenye Mlango wa Sarafu, mlango wa mwisho wa aina hiyo katika reli yote ya Duara, na ambao mlinzi wake alikuwa Kalunde. Walitukanana dakika mbili, kila mmoja akaondoka akijisikia nafuu. Juzi, Jumatatu, alilipa sarafu ya mwisho. Jana mafundi walikuja na saruji wakauziba mlango, wakaacha alama ya mraba ukutani kama jino lililong'olewa. Ndiyo maana leo mzee alikuwa ameitoa kadi yake kwenye mfuko wa nailoni kwa mara ya kwanza.

"Futa kiganja, Mgogo. Kimejaa chumvi ya karanga."

Ndahani alifuta kiganja kwenye suruali, akaweka kadi juu ya geti na kiganja juu ya kadi.

"Poleni kwa msiba."

Mara ya tatu geti liliongeza maneno, kwa upole uleule. "Taarifa ya kifo ilithibitishwa na mtumishi wa stesheni hii, Kalunde Mihayo, tarehe tatu mwezi huu."

Kicheko cha Kalunde kilikatika kama umeme.

*

Ile sauti ya geti, abiria waliipa jina la Mkwe. Si kwa mapenzi. Ilikuwa inasalimia kila mtu, inaulizia safari, inashukuru, haikasiriki, haicheki, na ukiwa mbele yake unajikuta umenyoosha mgongo na kuchomeka shati. Mtu wa namna hiyo kwenye maisha ya binadamu ni mmoja tu.

Tarehe tatu, saa za asubuhi kama hizi, Mkwe alikuwa amemwita Kalunde kwenye kibanda chake.

"Shikamoo, mtumishi. Kadi ya Ndahani Lechipya haijatumika kwa siku tisini. Mwenye kadi yuko wapi?"

Kalunde alikuwa na nusu ya chapati mdomoni. Ndahani mwenyewe alikuwa hatua nne kutoka hapo, mbele ya Mlango wa Sarafu, akichambua vijisenti kiganjani kama mtu anayechambua mchele.

"Yule?" Kalunde alisema kwa sauti ya kusikika mpaka jukwaa la pili. "Alishakufa! Nimemlilia mimi mwenyewe, na sanda nimemshonea!"

"Je, mtumishi unathibitisha?"

"Nathibitisha kwa mikono miwili na miguu!"

"Na mwambie nimekufa kwa kuiona sura yako!" Ndahani alipaza sauti kutoka mlangoni.

"Asante," Mkwe alisema. "Poleni kwa msiba."

Walicheka mpaka treni ikaja.

Sasa, kuna jambo ambalo Kalunde alifundishwa kwenye semina ya siku mbili, na siku ya pili alikuwa amesinzia. Sauti ya mtumishi akiwa ndani ya sare ni kiapo. Zamani kifo cha mtu kilipita kwa mjumbe, kwa daktari, kwa karani, kwa mhuri. Watu walikuwa wanakufa haraka kuliko karatasi zao, na kadi za marehemu zikawa zinasafiri, zinateka maji na kupokea dawa miaka mitatu baada ya arobaini. Shirika la Duara likasema, nani anajua kama mtu anatembea bado kuliko yule anayemwona akipita kila siku? Wakampa mtumishi wa stesheni neno la mwisho. Akisema amekufa, basi amekufa reli nzima, amekufa kwenye bomba la mtaa, amekufa dukani, amekufa hospitalini. Kwa sekunde moja, bila foleni. Watu walilipigia makofi jambo hilo, na Kalunde alikuwa mmoja wa waliopiga.

Sarafu haikuwa na akili zote hizo. Sarafu ilikuwa inaingia kwenye tundu, inalia kling, mlango unafunguka. Haikuwahi kumuuliza mtu kama yu hai.

*

"Nitakupitisha mlango wa watumishi," Kalunde alimnong'oneza, amemshika kiwiko. "Nyamaza tu, usije ukakohoa kigogo chako."

Alitumia kadi yake mwenyewe. Mlango wa watumishi ulifunguka, Ndahani akaingia kwenye behewa, akaketi kando ya mama mmoja mwenye matenga mawili ya zabibu. Milango ilijifunga. Kalunde, akiwa jukwaani, alianza kupumua.

Treni haikuondoka.

"Ndugu abiria," Mkwe alisema ndani ya behewa na nje yake, "sakafu imehesabu mapigo ya mioyo mia mbili na kumi na moja. Kadi ni mia mbili na kumi. Treni itaondoka baada ya abiria mmoja kushuka."

Kila mtu alimtazama mwenzake. Halafu, polepole, wote walimtazama Ndahani.

"Mimi nina mtihani saa tatu," sauti ya kijana mmoja ilisema, bila ya ubaya.

"Si mtoe mizigo jamani!" mama wa zabibu alisema, na kabla ya kujibiwa alikuwa ameshasukuma matenga yake yote mawili nje ya mlango, zabibu zikamwagika jukwaani. "Haya! Nimepunguza! Twende!"

"Asante, mama. Mizigo imepungua. Mapigo ni mia mbili na kumi na moja."

Hapo Kalunde alisahau sare, akasahau kazi. Alipiga kioo cha behewa kwa kiganja.

"Wewe! Si umeusikia moyo wake? Umeuhesabu mwenyewe! Basi si yu hai?"

"Mapigo yasiyo na kadi hayana jina, mtumishi," alisema Mkwe. "Kadi ya Ndahani Lechipya ni ya marehemu. Poleni kwa msiba."

Hakuna aliyecheka. Dakika tatu zilipita, nazo kwenye treni iliyosimama ni ndefu kuliko kwaresima. Ndahani aliinuka. Alimsaidia mama yule kuokota zabibu mbili tatu, akamrudishia matenga yake ndani, akashuka. Milango ilijifunga. Treni iliondoka kimya, kama inavyoondoka siku zote, na watu waliokuwa ndani walitazama simu zao.

Kalunde alipiga simu kituo cha kusafishia damu. Aliyepokea ni Sista Agripina, muuguzi anayemhudumia mzee.

"Hata angefika, dada," Sista alisema. "Tangu jana mashine zetu haziwaki kwa daftari, ni kwa kadi hai ya mgonjwa tu. Jana nimejaribu kumwashia mtu kwa kadi yangu. Ikanipima mimi, ikaniambia figo zangu nzima, nishukuru Mungu."

"Ana siku ngapi?"

"Alisafishwa Jumatatu. Asile ndizi, asinywe maji zaidi ya kikombe. Ijumaa atafika. Jumamosi..." Sista alishusha sauti. "Jumamosi ni kubahatisha, dada yangu."

Ndugu, usiseme wangechukua pikipiki. Pikipiki zote za mjini ni za umeme, haziwaki mpaka kadi ya abiria iguse. Na pikipiki ingempeleka wapi, kwenye mashine isiyowaka? Njia ilikuwa moja tu, na ilipita mdomoni mwa Kalunde.

*

Aliingia kibandani, akajifungia, akaketi mbele ya Mkwe kama mtu aliyeitwa barazani.

"Mkwe. Namfufuaje mtu?"

"Karibu, mtumishi. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kujaza ombi la marekebisho. Hushughulikiwa ndani ya siku ishirini na moja za kazi."

"Ya pili?"

"Shahidi akikiri mwenyewe kwamba alitoa ushahidi wa uongo, kadi ya mhusika hufunguliwa papo hapo. Kadi ya shahidi hufungwa kwa miezi kumi na miwili, na ushahidi wake haupokelewi tena."

Kalunde alikuwa amepanga chumba Nzuguni, upande wa pili wa mji. Bomba la uani kwao lilifunguka kwa kadi. Duka lilifunguka kwa kadi. Kazi yenyewe ilifunguka kwa kadi. Mwaka jana alimwona jirani yake aliyefungiwa, fundi cherehani mzuri tu, akizunguka na ndoo tupu mlango hadi mlango. Mwanzoni watu walimpa maji. Mwezi wa tatu walianza kuzima taa wakimsikia anakuja. Mwezi wa tano hakusikika tena, na Kalunde alikuwa mmoja wa waliozima taa.

"Haukuwa uongo," alisema. "Ulikuwa utani."

"Sijaelewa, mtumishi. Utani ni ukweli au ni uongo?"

Mwanamke yule, aliyewajibu walevi wa stendi, trafiki na wake za madereva, hata siku moja asikose neno, aliivuta fomu.

Alijaza ombi la siku ishirini na moja.

Nje, Ndahani alikuwa ameketi kwenye benchi, akiigeuzageuza sarafu ya shilingi mia mbili kati ya vidole. Kalunde alimweleza yote, hata njia ya pili. Hakuweza kumficha, macho ya mzee yalikuwa yameshamsoma.

"Mwaka mzima?" Ndahani aliuliza.

"Mwaka mzima."

"Na maji?"

"Na maji."

Mzee alifikiri. Kisha alitikisa kichwa. "Acha, Mnyamwezi. Ukifungiwa wewe, nani atanizika? Mimi bila mtani kaburini naona aibu. Andika barua kwa wakubwa wako. Nasubiri. Mgogo amezoea ukame."

Nenda, akasema, umeniepusha na zile sindano leo. Na Kalunde alikubali. Alikubali upesi mno. Alijisikia anakubali, alisikia jinsi pumzi ilivyomshuka kifuani kwa raha, na hiyo raha ndiyo iliyomkaa kooni baadaye kama mwiba wa perege.

*

Alhamisi baada ya kazi alikwenda kwa Ndahani, nyumba ya tofali za kuchoma nyuma ya stesheni. Mke wa Ndahani, mama Mbeleje, mwanamke mrefu asiyesema sana, alimkaribisha na kumpa kigoda. Ndahani alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka. Miguu yake ilikuwa imejaa. Ukibonyeza kidole, shimo lilibaki.

"Umenenepa, marehemu," Kalunde alisema.

"Nakufuata wewe." Pumzi ilikuwa fupi. "Umeleta nini? Mtani haji mikono mitupu."

"Nimeleta sura yangu."

"Basi nimekwisha."

Alicheka, kikohozi kikamkatiza, na kikohozi kile kilikuwa na maji ndani yake. Mama Mbeleje alimwinua, akamweka mto mgongoni. Kisha alimgeukia Kalunde.

"Mashine inasemaje, wifi?"

"Nimemwandikia mkuu wa kanda, mama. Kasema kesho mchana ataliangalia."

"Hakuna namna nyingine?"

Kalunde alimtazama Ndahani. Ndahani, ambaye kwa miezi minane alimwita punda, mchawi na mwizi wa asali, alifumba macho.

"Hakuna," mzee alisema. "Wameshamwambia hakuna."

Kalunde aliaga mapema. Njiani alijiambia kwamba si yeye aliyesema uongo ule.

*

Ijumaa mkuu wa kanda alijibu saa tano na nusu: ameona, anasikitika, suala liko kwenye mfumo, na mfumo hufungwa saa sita mpaka Jumatatu. Sista Agripina alipiga simu mara mbili. Mara ya pili Kalunde hakupokea.

Mara tatu mchana ule alisimama mbele ya Mkwe.

"Karibu, mtumishi. Nikusaidie nini?"

Mara ya kwanza alisema taa ya jukwaa la pili haiwaki. Mara ya pili alisema hapana, basi. Mara ya tatu alisimama tu, mpaka Mkwe akamuuliza kama anajisikia vizuri, na kumshauri anywe maji.

Jioni alirudi Nzuguni. Aligusa bomba kwa kadi, maji yakatoka. Alijaza ndoo. Alijaza na sufuria, na jagi, na chupa zote, na beseni la kufulia, mpaka kinamama wa uani wakamuuliza kama kuna harusi. Hapo ndipo alipojua kwamba ameshaamua, maana hakuna mtu anayejaza beseni ambaye bado anafikiri. Lakini jua lilikuwa limezama, miguu ilikuwa inamuuma, akajiambia, kesho asubuhi na mapema. Sista alisema Jumamosi ni kubahatisha. Kubahatisha maana yake bahati ipo.

Jumamosi alipanda treni ya kwanza. Hakuketi. Saa moja na dakika kumi alikuwa Kikuyu, na hakuingia kibandani. Alikwenda getini, mbele ya foleni, mbele ya watu waliomcheka mzee siku ya Jumatano.

"Mkwe! Mimi Kalunde Mihayo. Tarehe tatu nilisema Ndahani Lechipya amekufa. Nilisema uongo. Yu hai."

"Je, mtumishi unathibitisha?"

"Nathibitisha."

Hakuongeza mikono wala miguu.

"Asante kwa ukweli wako. Kadi ya Ndahani Lechipya imefunguliwa. Tunamtakia safari njema. Kadi yako imefungwa kwa miezi kumi na miwili. Tafadhali vua sare."

Sekunde nne. Kalunde alizihesabu baadaye, mara nyingi. Jambo lote lilikuwa limechukua sekunde nne.

Alikimbia. Mwanamke wa umri ule na mwili ule, sare mkononi, alikimbia nyuma ya stesheni akiita, "Mgogo! Inuka, Mgogo, umefufuka!" na watoto waliokuwa wanachota mchanga walimcheka. Mlangoni kwa Ndahani kulikuwa na viatu vingi. Viatu vingi mlangoni, saa moja asubuhi, havihitaji mtu wa kuvieleza.

"Alfajiri," mama Mbeleje alisema. "Alikuwa anakuulizia."

*

Kama mambo yangeishia hapo, mtu angeweza kulia na kunyamaza. Lakini ilibidi azikwe.

Saa nne mama Mbeleje alikuja stesheni na kadi ya mumewe, kwa kuwa kibali cha kaburi la manispaa hutoka stesheni. Kalunde alimsindikiza, akiwa na khanga mabegani badala ya sare. Mama aliiweka kadi juu ya geti.

"Kadi hii ni hai," Mkwe alisema kwa furaha yake isiyozidi wala kupungua. "Mwenye kadi yuko wapi?"

Mama Mbeleje alimgeukia Kalunde na kumtazama. Haikuwa hasira. Kalunde angelipa mwaka mwingine wa kiu kama ingekuwa hasira.

"Amekufa," Kalunde alisema.

"Samahani. Ushahidi wako haupokelewi."

"Amekufa, Mkwe. Sasa hivi amekufa kweli. Nimemgusa, amepoa. Nakuomba. Amekufa."

"Samahani. Ushahidi wako haupokelewi. Stesheni hii haina mtumishi kwa sasa. Mtumishi mpya anatarajiwa ndani ya siku ishirini na moja za kazi. Je, Mzee Ndahani angependa kukata tiketi ya mwezi?"

Walimzika bila kibali, kwenye kishamba chake cha zabibu huko Veyula, umbali wa kilomita zaidi ya kumi. Hakuna gari lililokubali kuwaka kwa ajili yake. Kwa magari yale jeneza lilikuwa na abiria hai asiyetaka kugusa kadi. Wanaume walipokezana begani. Walipochoka, Kalunde aliingia chini ya upande wa kulia, nao walimwachia, maana ni mtani. Mzee alikuwa mzito. Si kilo arobaini na tisa tena. Yale maji yote ambayo hayakusafishwa alikuwa ameondoka nayo. Reli ilipita kando ya njia yao, na kila dakika sita treni ilipita kimya ikielekea stesheni ya kituo cha kusafishia damu, ndani ina nafasi.

Kaburi lilipokuwa tayari, watu walimtazama Kalunde. Ilikuwa zamu yake. Aliteremka, akajilaza chali kwenye udongo mwekundu, akakunja mikono kifuani. Juu yake kulikuwa na duara la nyuso zikisubiri. Hata mama Mbeleje alikuwa amesogea, midomo imelegea kidogo, tayari kwa chochote kitakachokuja: mlenda, ng'ombe, uchoyo wa Wagogo, chochote.

Kalunde alifungua mdomo.

Walisubiri. Nyenje alilia kwenye mizabibu. Mtu alikohoa.

"Sema, mtani," shemeji mmoja alimhimiza kwa upole. "Sema bei yako."

Alijaribu tena, ikatoka pumzi tupu. Wakaanza kupapasa mifukoni ili wamlipe tu, mambo yaishe, na hapo ndipo walipogundua kwamba hakuna aliyekuwa na sarafu. Walikuwa na kadi. Watu arobaini na kitu, kila mmoja na kadi yake, na mtani kaburini halipwi kwa kadi.

Mama Mbeleje alifungua pindo la khanga yake. Alitoa ile shilingi mia mbili, ambayo Jumatano haikuwa na mlango wa kuipokea, akaidondosha. Ilimwangukia Kalunde tumboni bila ya mlio.

"Nauli yako hiyo, wifi," alisema. "Toka sasa. Tumwachie nafasi yake."

Aliishika sarafu, akaikumbatia kwa mikono yote miwili, wala hakuinuka. Walimwita kwa jina. Wakamwita tena. Mwishowe wanaume wanne waliteremka, wakamshika makwapani na miguuni, wakampandisha juu, kama mzigo.